Tangazo Ndilo Swali: Mhadhara kuhusu CV Zinazoachwa Mezani

Nimeombwa nizungumzie makosa ya CV. Nitayazungumzia, ila kwanza niseme jambo ambalo wasemaji wengi wa mada hii hulikwepa. CV nzuri haizalishi ajira. Mwaka 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilipotangaza nafasi 1,596, walioomba walipita 135,000. Hata kama wote wangeleta CV zisizo na doa, nafasi zingebaki zilezile 1,596. Mtu akikwambia huna kazi kwa sababu hujui kuandika CV, anakuonea.

Hata hivyo, katika maombi hayo ya TRA kuna hesabu nyingine isiyosemwa sana. Walioitwa kwenye usaili wa maandishi walikuwa takriban 113,000. Maana yake zaidi ya watu 20,000 hawakushindwa mtihani; hawakuufikia. Waliishia kwenye taarifa walizowasilisha. Wako ambao kweli hawakuwa na sifa. Lakini aliyewahi kukaa kwenye meza ya kuchuja maombi, kama nilivyokaa mimi kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, anajua kwamba katika kundi la wanaoachwa huwa wamo pia watu wenye sifa zote, ila sifa zenyewe hazionekani. Ni hao ninaowasemea leo.

Wengi mnadhani tunaanza kwa kusoma CV. Hatuanzi huko. Tunaanza na tangazo. Chukueni tangazo la Dereva Daraja la II, ambalo halmashauri na taasisi zetu hulitoa mara kwa mara. Linataka cheti cha kidato cha nne. Linataka leseni daraja E au C, ambayo mwombaji ameifanyia kazi kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali. Linataka cheti cha mafunzo ya msingi ya uendeshaji wa magari kutoka VETA, NIT au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Juu ya hapo, umri usizidi miaka 45. Basi. Sisi tunachora jedwali: majina upande wa kushoto, sifa hizo juu, halafu tunashuka mstari kwa mstari, vema au mkasi. Anayechuja amechoka, chai imepoa, na kuna maombi mengine mia nne hayajaguswa.

Sasa inakuja CV ya kijana wetu. Ukurasa wa kwanza unasema: “Mimi ni dereva mwenye uzoefu mkubwa, mchapakazi, mwaminifu, ninayemcha Mungu na ninayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu.” Leseni yake ni daraja gani? Haijasemwa. Ameifanyia kazi tangu lini? Haijasemwa. Ajali? Kimya. Mafunzo ya VETA yapo, tena ya kweli, lakini yamefichwa ukurasa wa tatu chini ya kichwa “Mengineyo”, kati ya cheti cha ubatizo na semina ya ujasiriamali. Mchujaji anazo safu tano za kujaza, na mtu huyu amemjibu moja, ile ya umri. Uchaji Mungu hauna safu yake kwenye jedwali.

Kijana huyohuyo angeweza kuandika hivi: “Kidato cha nne, 2013. Leseni daraja E, iliyo hai, tangu 2016. Mafunzo ya msingi ya uendeshaji wa magari, VETA, 2015. Tangu 2017 hadi 2024: dereva wa Fuso la mazao, Makambako hadi Dar es Salaam, kwa mwajiri binafsi, bila kusababisha ajali. Nilikagua gari kabla na baada ya safari, nilijaza daftari la safari na la mafuta, na matengenezo madogo njiani niliyafanya mwenyewe.” Angalieni alichofanya. Hajajisifu hata mara moja. Amechukua tangazo, akaligeuza maswali, akayajibu kwa mpangilio uleule yalivyoulizwa, na kwa maneno yaleyale ya tangazo. Na hapo kwenye maelezo ya kazi, ukisoma tangazo lenyewe utakuta majukumu ya dereva ni kukagua gari kabla na baada ya safari, kujaza daftari la safari, kufanya matengenezo madogomadogo. Ameyaona. Mtu aliyeshusha Fuso la viazi mlima Kitonga miaka saba bila ajali ana jambo zito la kusema kuliko mchapakazi yeyote, na linatosha mstari mmoja.

Kosa lililo mama wa makosa mengine, kwa maoni yangu, ndilo hilo: mtu anaandika CV moja, anaitoa nakala thelathini, anaisambaza mji mzima. CV ile inazungumza juu yake yeye, na haimjibu mtu yeyote. Ukiomba kazi tatu tofauti, unahitaji CV tatu zinazotofautiana angalau katika nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza. Historia yako haibadiliki. Kinachobadilika ni kipi kinatangulia.

Kwa nini hatufanyi hivyo? Sababu moja iko steshenari. CV nyingi za mijini kwetu huzaliwa pale. Unamkuta binti wa steshenari, unamwambia jina, shule na namba ya simu; yeye anafungua faili la mteja wa jana, anafuta jina, anaweka lako. Unatoka na suti ya mtumba iliyokatwa kwa mabega ya mtu mwingine. Nimewahi kusoma CV ya mwombaji wa uhasibu ambaye lengo lake maishani, kwa mujibu wa ukurasa wa kwanza, lilikuwa kupunguza vifo vya mama na mtoto. Ni lengo jema sana. Lilikuwa la muuguzi aliyemtangulia kwenye foleni. Simlaumu binti yule. Yeye analipwa kwa ukurasa, na hakuahidi kukufikiria. Kama huna kompyuta, andika kwanza kwa mkono nyumbani, kila neno, kisha mpelekee akachape ulichoandika. Na faili lako lifute kwenye mashine yao kabla hujaondoka.

Faili za steshenari karibu zote ni za Kiingereza, kile cha kukariri, kilichojaa maneno makubwa yasiyoshika kitu. Matangazo ya serikali kwa kawaida huruhusu barua ya maombi iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Nafasi hiyo hamuitumii. Mwombaji wa nafasi ya mtendaji wa kijiji, ambaye kazi yake yote atazungumza Kiswahili na wanakijiji, anajifunga kwenye Kiingereza asichokimudu, halafu kwenye mahojiano anaulizwa maana ya sentensi yake mwenyewe. Ikiwa tangazo limetaka Kiingereza, andika Kiingereza chako, kifupi, chenye vitenzi unavyovijua.

Jambo jingine linalotoka kwenye kunakili. Kila orodha ya majukumu katika matangazo na barua zetu za ajira humalizia na sentensi moja: kufanya kazi nyingine atakazopangiwa na msimamizi wake. Ni sentensi ya mwajiri, ya kujilinda. Sasa wapo waombaji, na si wachache, wanaoinakili orodha yote kutoka kwenye barua yao ya ajira kuitia kwenye CV, pamoja na sentensi hiyo ya mwisho. “Majukumu yangu: kuhudumia wateja, kuandaa ripoti, kufanya kazi nyingine nitakazopangiwa.” Hii inanieleza cheo kilitaka nini. Wewe ulifanya nini? Keshia wawili wa duka moja wana majukumu sawa kabisa. Mmoja alifunga hesabu mwaka mzima bila upungufu, mwingine alikatwa mshahara kila mwezi. Kwenye karatasi zao hawatofautiani.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo vijana wa hali ya chini wanapojinyima wenyewe.

Kijana amehitimu 2020. Anaomba kazi 2024. CV yake inasema chuo, kisha mafunzo kwa vitendo miezi miwili, kisha hakuna kitu. Miaka minne mitupu. Ukimwita na kumuuliza alikuwa wapi, anainamisha kichwa: “Nilikuwa nyumbani tu, mama.” Ukichimba, nyumbani tu maana yake alikuwa wakala wa fedha kwa simu pale Mbagala. Alisimama kwenye kibanda kuanzia asubuhi mpaka usiku. Alishika fedha za mtu mwingine. Alijua saa ngapi floti itaisha siku ya mwisho wa mwezi na aende kuitafuta wapi kabla haijaisha. Alihakiki vitambulisho, aliwatambua matapeli wa “tuma kwa namba hii” kwa sauti, na kila jioni fedha taslimu na floti zilipaswa kukubaliana, la sivyo analipa yeye. Huyu anaomba nafasi ya mhudumu wa wateja benki, na ameona aibu kuitaja kazi hiyo kwa sababu haikuwa na barua ya ajira!

Iandike. “2021 hadi 2024: wakala wa fedha kwa simu, Mbagala, Dar es Salaam. Nilisimamia floti na fedha taslimu, nilihakiki vitambulisho vya wateja, nilifunga hesabu kila siku.” Ongeza idadi ya miamala kwa siku kama unaikumbuka kwa uhakika, kama huikumbuki, usibuni. Mwenye kibanda anaweza kuwa mdhamini wako. Vivyo hivyo kwa aliyesaidia genge la shangazi, aliyefundisha tuisheni mtaani, aliyekuwa katibu wa kikoba akitunza daftari la hisa na mikopo ya wanachama. Katibu wa kikoba ameshika siri za fedha za majirani zake. Maofisa wengi hawajapewa imani ya namna hiyo.

Na wale mliojifunzia ufundi gereji au kwa fundi seremala bila kupita darasani, VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa kwa kazi, ukifaulu unapewa cheti. Kabla ya kuhangaika na maneno ya kupamba CV, fuatilieni hilo, maana safu ya cheti kwenye jedwali letu haijazwi na maelezo.

Aliyekaa nyumbani kumuuguza mzazi naye aseme hivyo kwa mstari mmoja, na asiongeze huzuni. Sisi sote tuna wazazi.

Nipite haraka kwenye madogo, ambayo hata hivyo yanaua. Barua pepe yenye jina la utani ulilojipa kidato cha pili: fungua nyingine, haina gharama. Namba ya simu ya kaka ambaye haelewani nawe: weka yako, na usiibadilishe msimu wa maombi. Kurasa mbili zinamtosha mtu wa kawaida, mhitimu mpya hata moja. Wahadhiri wa vyuo wana machapisho yao, hao tuwaache. Mambo upendayo, kama kusoma na kuangalia mpira, yafute. Nimemwona mjumbe wa jopo, mwanachama wa Simba hadi kwenye soksi, akitabasamu vibaya mbele ya CV ya shabiki wa Yanga. Alikuwa anatania, nadhani.

Majina si jambo dogo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, cha kidato cha nne Mohamed, kitambulisho cha taifa cha NIDA Muhammad, na jina la babu limeingia huku na kutoka kule. Binti aliyeolewa ana ubini wa mume kwenye kitambulisho na wa baba kwenye shahada. Wewe unajua ni mtu mmoja. Mchujaji hajui, na haruhusiwi kukisia. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili husema wazi kwamba mwenye majina yanayotofautiana aje na hati ya kisheria ya kubadili majina, iliyosajiliwa. Hati hiyo haipatikani kwa siku moja, na siku ya usaili mlinzi aliye langoni hana mamlaka ya kukusikiliza. Panga vyeti vyako vyote mezani leo usiku, usome majina herufi kwa herufi.

Vilevile, someni sehemu ya mwisho ya tangazo, ile ya masharti ya jumla ambayo watu huiruka. Humo ndimo mnaambiwa kwamba hati za matokeo ya muda na hati za matokeo ya kidato cha nne au cha sita hazikubaliki badala ya vyeti. Kwamba aliyesoma nje ya nchi vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika, TCU kwa shahada, NECTA kwa sekondari. Kwamba cheti cha kuzaliwa kithibitishwe na mwanasheria au wakili.

Sasa niingie kwenye vitu vilivyozidi. CV zetu nyingi bado zinafunguka kwa jinsia, dini, kabila, hali ya ndoa, idadi ya watoto, mpaka kimo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kubagua kwa misingi ya kabila au mahali mtu alipotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na mingine kadhaa, na kifungu hichohicho kinaeleza kwamba ajira ni pamoja na kuomba ajira. Bunge limekukinga, wewe unamkabidhi mwajiri kisu kwenye mstari wa tano. Binti anayeandika “nimeolewa, mtoto mmoja wa miezi minne” anadhani anajieleza. Asiyempenda mzazi mchanga kazini ameshapata sababu, na hatalazimika kuisema. Tarehe ya kuzaliwa ni tofauti kidogo: kazi ya serikali yenye ukomo wa umri itaihitaji. Tangazo likitaka picha, weka picha. Lisipotaka, acha. Mnaotazama Oman na nchi za Ghuba mtakuta mawakala wanaodai picha na dini bila haya. Marekani na Uingereza, kinyume chake, picha kwenye CV huwatia waajiri wasiwasi. Kwa hiyo swali ni lilelile la mwanzo: huyu ameuliza nini?

Kuna hatari nyingine ya kujianika. Vijana wanatupa CV kwenye makundi ya WhatsApp yanayojiita ya ajira, zikiwa na namba ya NIDA, nakala za vyeti, jina la mama. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria hairudishi faili ambalo tapeli amekwisha kulipakua. Namba ya NIDA haina kazi kwenye CV. Mfumo rasmi wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma utakuomba pale unapojisajili, na hapo ndipo mahali pake. Anayekuomba hela ya “kushughulikia” CV yako, hata kama ni elfu kumi, mwache.

Uongo nitauzungumzia kwa ufupi, kwa kuwa kila mmoja hapa anaujua na bado unaendelea. Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki: watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi. Waliondolewa. Hao ni wa vyeti. Kuna uongo mdogo ambao watu hawauiti uongo: kurefusha miezi miwili ya mafunzo kwa vitendo ikawa mwaka, kuandika “ustadi wa hali ya juu wa kompyuta” kwa sababu unajua kuchapa barua. Mpangilio wa usaili serikalini, kwa kada nyingi, una hatua ya mchujo, ya vitendo na ya mahojiano. Ile ya vitendo imewekwa kwa ajili yako wewe mwenye ustadi wa hali ya juu. Unakalishwa mbele ya mashine, unapewa jedwali la mishahara, unaambiwa toa jumla kwa idara.

Wadhamini watatu mnaoombwa kuwataja ni watu tunaowapigia simu. Nasisitiza, kwa sababu mnawaandika kama mapambo: mbunge aliyewahi kupita shuleni kwenu, mkurugenzi ambaye hajui kama mko duniani. Niliwahi kupiga namba ya mdhamini, akapokea mwanamke, akaniambia mwenye simu alifariki mwaka uliotangulia, na yeye ni mkewe. Mwombaji alikuwa hajasikia. Tafuta watu waliokuona ukifanya kazi. Waombe ruhusa kabla, kila msimu. Watumie tangazo lenyewe, ili akiulizwa kuhusu udereva wako asianze kueleza ulivyokuwa ukiimba kwaya.

Kwenye kampuni kubwa na mashirika ya kimataifa, CV yako huenda ikasomwa kwanza na programu ya kuchuja maombi kabla ya kuonwa na mtu. Programu hizo husoma maandishi. CV iliyopambwa kwa visanduku, safu mbili, michoro ya nyota za kuonyesha kiwango chako cha Kiingereza, inaweza kusomwa ikiwa imevurugika, au jina lako likapotea kwa sababu umeliweka ndani ya picha. Vilevile CV uliyoipiga picha kwa simu haina herufi hata moja kwa mashine. Ni picha tu. Tumia maandishi ya kawaida, vichwa vya kawaida kama Elimu na Uzoefu wa Kazi, na istilahi zilezile za tangazo. Likisema “usuluhishi wa hesabu za benki”, usiandike “kuweka mahesabu sawa” ukitumaini wataelewa. Faili liite kwa jina lako na jina la nafasi. “CV mpya ya mwisho kabisa 3” inatuambia mengi ambayo hukukusudia.

Namaliza na mlioko tayari kwenye mlolongo, mliofanya usaili mkafaulu lakini nafasi zikajaa. Majina yenu huhifadhiwa kwenye kanzidata ya Sekretarieti ya Ajira, na ikitokea nafasi ya kada hiyohiyo mnaweza kupangiwa bila kuitwa upya kwenye usaili. Wapo wanaopangiwa bila kujua, kwa sababu walikwishakata tamaa na hawafungui tena akaunti zao. Ingieni kwenye mfumo, huisheni anwani ya makazi, barua pepe na namba ya simu. Kama laini mliyojisajilia imefungwa kwa kutotumika, anzeni na hiyo kesho asubuhi. Karibuni kwa maswali. Na mwenye CV mkononi aje nayo mbele, pamoja na tangazo lake.